Daftari la Watoto: Historia ya Kamati za Ulinzi wa Mtoto Tabora, kutoka Njia ya Misafara hadi Kata ya Ntalikwa

Neno la awali

Novemba 2009 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Mtoto, Sheria Namba 21 ya mwaka huo. Mwaka 2024 sheria hiyo ilitimiza miaka 15. Makala haya yameandikwa kuadhimisha umri huo, na yanasimulia historia ya chombo kidogo kinachoibeba sheria hiyo mabegani kila siku: kamati ya ulinzi wa mtoto katika kijiji, mtaa na kata. Chombo hiki hakina jengo wala mnara wenye jina la mwanzilishi. Kina wajumbe, daftari na siku ya kikao. Kwa sababu hiyo historia yake huandikwa mara chache, ingawa watoto wengi wamerudi darasani, wamefikishwa hospitalini au wametolewa katika mikono mibaya kwa sababu wajumbe hao walikutana.

Tumechagua kuisimulia kutokea Tabora, tukiiweka mbele yetu Ntalikwa, moja ya kata za Manispaa ya Tabora zilizo nje ya mji wenyewe. Tabora ina sababu ya pekee ya kusimulia habari hii. Ni mji uliokua juu ya njia ya misafara, na watoto waliotenganishwa na kwao walipita hapa tangu kabla ya dola yoyote ya kisasa kufika. Kutoka siku zile hadi leo, kila kizazi kilijaribu jibu lake kwa swali lilelile: mtoto asiye na mtu wa kumsimamia asimamiwe na nani? Jibu ambalo nchi imelifikia, baada ya zaidi ya miaka 100, ni kwamba asimamiwe na majirani zake, wakiwa wamekaa kama chombo chenye mamlaka ya sheria.

1. Chimbuko: watoto wa njia ya misafara (kabla ya 1878)

Katika karne ya 19 Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilikuwa kituo kikuu cha biashara ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea takriban miezi mitatu hadi kufika hapa. Hapa ndipo njia zilipogawanyika: moja ikaelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walijulikana nchi nzima kwa upagazi. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Safari ilimpa mtaji, ikamfundisha bei, lugha na namna ya kuishi na wageni. Kwa maneno ya leo, hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya ufundi ya vijana wa Tabora.

Lakini njia ileile ilibeba pia watu waliouzwa, na miongoni mwao watoto walikuwa wengi. Baadhi walipelekwa pwani. Wengine waliachwa hukuhuku Unyanyembe, wakalima mashamba ya wafanyabiashara na ya familia ambazo wanaume wake walikuwa safarini. Mkataba wa Zanzibar wa mwaka 1873 ulifunga soko la utumwa la Unguja, lakini haukuuondoa utumwa bara. Tanganyika ilisubiri hadi mwaka 1922 ndipo sheria ilipouondoa rasmi.

Mtoto aliyekatwa na ukoo wake alikuwa amepoteza kila kitu mara moja. Katika jamii ya Kinyamwezi ulezi ulikuwa kazi ya ukoo: mjomba, shangazi, bibi na majirani wa kaya. Yatima mwenye ukoo hakuwa mtoto wa mtu mmoja, hivyo hakuachwa. Aliyekosa ukoo ndiye aliyekuwa hatarini kwelikweli, na haja ya kuunda chombo cha kumlinda ilianzia kwake.

2. Jaribio la kwanza: Kipalapala (1878–1889)

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, ulipita Tabora ukielekea kwenye maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mapadre wa shirika hilo walifungua kituo Kipalapala, nje kidogo ya mji. Walikomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara na kuwalea pamoja, wakiwafundisha dini, kusoma na kazi za mikono.

Kituo hicho kilikuwa taasisi ya kwanza ya malezi ya watoto Tabora kwa maana ya kisasa: walezi wanaopewa chakula na mavazi na shirika, ratiba, mafunzo, na mtoto anayelelewa mbali na jamii inayomzunguka. Nguvu yake ilikuwa usalama wa ukuta. Udhaifu wake ulikuwa ukuta huohuo, uliokitenga na majirani. Mwaka 1889, vita vya Wajerumani vikiwa vimepamba moto pwani na uhusiano na Mtemi Isike wa Unyanyembe ukiwa umeharibika, mapadre walilazimika kukifunga. Kazi ya kuwapokea waliokombolewa iliendelea kaskazini, Ushirombo, misheni iliyofunguliwa mwaka 1891.

Hata hivyo kizazi kile kilithibitisha jambo ambalo halijabatilika: mtoto aliyeokolewa akipewa ujuzi, huja kuwaokoa wengine. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadre Weupe Algeria, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akavuka bara kutoka pwani na kufika Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu wa ukanda ule hadi kifo chake mwaka 1956. Waliomlea hawakuishia kumpa chakula na mahali pa kulala, walimpa kazi ya kufanya duniani. Kila programu ya vijana tunayoieleza hapa chini inapimwa kwa kipimo hicho.

3. Serikali yashika usukani (1922–1983)

Utawala wa Waingereza ulileta sheria zilizomgusa mtoto kipande kwa kipande. Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937 ilihusu zaidi mtoto aliyefikishwa mahakamani. Ya kuasili watoto ilifuata miaka ya 1950. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaundwa ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwarudisha uraiani askari waliotoka vitani.

Uhuru ulipanua kazi hiyo. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua Tabora shule ya watoto viziwi, ya kwanza ya aina yake nchini. Mji huu pia una Shule ya Wasioona Furaha. Watoto waliokuwa wakifichwa majumbani walianza kuonekana barabarani wakiwa na sare za shule. Mwaka 1973 ilitungwa sheria iliyoanzisha chuo cha taifa cha ustawi wa jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ili maofisa wa kazi hii waandaliwe nchini. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyochukua vijana na watu wazima wa vijijini na kuwapa ufundi bila kudai vyeti vya sekondari. Elimu ya msingi kwa wote ikafuata katika miaka hiyohiyo.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, ulibaki kwa ukoo. Sheria ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kiwango cha juu cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilidumu kwenye vitabu vya sheria hadi mwaka 2009, wakati ambapo shilingi 100 haikutosha hata kununua daftari zuri la shule. Afisa ustawi wa jamii alikuwa mmoja kwa wilaya nzima, wakati mwingine hakuwepo kabisa. Ukoo ulipoweza, mtoto alipona. Uliposhindwa, hakukuwa na chombo cha karibu cha kuupokea mzigo.

4. Ukimwi na kuzaliwa kwa kamati (1983–2009)

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata ugonjwa uliwaondoa wazazi wa rika moja, na bibi wakajikuta wakilea wajukuu sita, wanane, bila mwana hata mmoja wa kuwasaidia. Ukoo, uliokuwa kinga ya karne nyingi, ulielemewa.

Kagera ndiko yalikoanzia majaribio mengi. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuwasaidia yatima kuzungumza juu ya misiba yao. Ndani yake vijana wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, chenye viongozi waliochaguliwa na yatima na akiba iliyotunzwa na yatima. Somo lake liliwafikia wengi: mtoto aliye katika shida si wa kupokea tu, ana akili ya kuongoza.

Wakati huohuo Idara ya Ustawi wa Jamii, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza kutumia utaratibu mpya wa kuwatambua watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Utaratibu huo ndio uliozaa kamati, na unafaa kuelezwa kwa karibu.

Mkutano wa hadhara unaitishwa kijijini au mtaani. Mwezeshaji hafiki na orodha. Anawauliza watu: hapa kwetu, mtoto aliye katika shida kubwa tunamjua kwa dalili zipi? Majibu huwa ya mahali hasa. Mtoto anayelala kwenye nyumba isiyo na mlango. Mtoto anayemuuguza mzazi. Kaya isiyo na jembe. Mtoto anayeonekana minadani siku za shule. Kaya inayoongozwa na mtoto. Watu wakishakubaliana vigezo, wanapita kaya kwa kaya na kuandika majina. Orodha inarudishwa mkutanoni, inasomwa, inajadiliwa, inapunguzwa, inaongezwa. Mwisho mkutano unachagua kamati: mzee anayeheshimika, kiongozi wa dini, mwalimu, mhudumu wa afya, mwakilishi wa wanawake, na watoto wenyewe, mvulana na msichana. Daftari linakabidhiwa kwa kamati.

Thamani ya utaratibu huu iko katika usomaji wa hadharani. Jina la mtoto likishasomwa mbele ya majirani, hakuna anayeweza kusema hakujua. Na kwa kuwa majirani ndio walioweka vigezo, hakuna anayeweza kudai kwamba mgeni amependelea. Baadhi ya vijiji vilianzisha mfuko wa watoto, ambao kaya zilichangia mahindi, maharage au shilingi chache.

Mpango wa kitaifa wa kuwahudumia watoto hao uliandaliwa kwa ajili ya miaka ya 2007 hadi 2010, na ukafuatwa na wa pili mwaka 2013. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishiriki kuwafundisha wahudumu wa ngazi ya jamii, watu wa kijiji hichohicho, wanaojua kupiga hodi nyumba yenye msiba na kujaza fomu ya rufaa.

5. Tumbaku: mtihani wa Tabora (2001–2015)

Kila mkoa una hatari yake kwa mtoto. Ya Tabora, pamoja na nyingine, ni kazi za shamba la tumbaku.

Tumbaku ya mvuke inadai mikono mwaka mzima. Kitalu kinamwagiliwa kabla mvua hazijaanza. Miche inahamishiwa shambani mvua zinapokolea. Kuanzia mwanzoni mwa mwaka majani yanachumwa kutoka chini kwenda juu, yanafungwa kwenye fito na kupangwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, ambamo moto wa kuni huwaka usiku na mchana kwa takriban wiki nzima. Kisha ndipo kupanga madaraja na kusubiri soko. Shule nazo hufunguliwa Januari, majani yanapokaribia kuchumwa. Mtoto anayeamshwa alfajiri kuchuma majani yenye umande hupata sumu ya nikotini kupitia ngozi. Anapata kizunguzungu, anatapika, anashindwa kula. Mwingine analala kwenye bani kuchochea moto, na asubuhi anasinzia darasani, akifika.

Familia nyingi hazifanyi hivi kwa ukatili. Pembejeo zinakopwa kupitia chama cha msingi, deni linasubiri soko, na kibarua ni gharama. Zipo pia familia zinazohamia mashambani kwa msimu kutoka mikoa ya jirani, zikaishi kwenye vibanda mbali na shule, na kulipwa mwisho wa msimu. Watoto wa kaya hizo ndio waliokuwa wagumu kuwafikia, kwa sababu hawakuwa kwenye daftari la kijiji chochote.

Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani dhidi ya aina mbaya kabisa za ajira ya watoto mwaka 2001, na ikawa kati ya nchi tatu za kwanza duniani kuandaa mpango wenye muda maalumu wa kuziondoa. Urambo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochaguliwa. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2015 mradi wa PROSPER ulifanya kazi Urambo na Sikonge. Uliimarisha kamati za vijiji, ukawasaidia akina mama kuwa na biashara ndogo ili mapato ya kaya yasitegemee mgongo wa mtoto, na kuanzisha mashamba darasa ambako vijana wa umri halali wa kazi walijifunza kilimo bora na salama.

Umri halali huo uliwekwa na Sheria ya Mtoto: kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi ya hatari marufuku kwa kila aliye chini ya miaka 18. Kamati zilipata lugha ya kusema na mzazi. Kumtuma mtoto maji au kumfundisha kupalilia ni malezi. Kumlaza kwenye bani ni kosa.

6. Sheria yaipa kamati meno (2009–2024)

Sheria ya Mtoto ilikusanya mahali pamoja yaliyokuwa yametawanyika katika sheria nyingi za zamani na kuzifuta. Ilieleza kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Iliweka Mahakama ya Watoto. Kifungu cha 94 kilizipa serikali za mitaa wajibu wa kumlinda mtoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 kilimpa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Jirani aliyeogopa kuitwa mdaku sasa alikuwa na sheria nyuma yake.

Mwaka huohuo wa 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011, na serikali haikuyaficha: karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kuhusu ndoa za utotoni, utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Ni Shinyanga pekee iliyoizidi, kwa asilimia 59.

Takwimu hizo zilibadili kazi ya kamati. Awali ilitafuta yatima na kugawa madaftari na sare. Sasa ilipaswa kuingia kwenye mambo ambayo watu huyaita ya ndani. Desemba 2016 ulizinduliwa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, wa miaka 2017/18 hadi 2021/22. Mpango huo uliziunganisha kamati mbalimbali zilizokuwa zikifanya kazi sambamba kuwa kamati moja ya ulinzi wa wanawake na watoto, kuanzia taifa, mkoa na halmashauri hadi kata na kijiji au mtaa. Awamu ya pili ilianzia mwaka 2024/25.

Ndivyo kata kama Ntalikwa ilivyoingia kwenye muundo wa taifa. Ngazi ya kata ni mahali ambapo taarifa za mitaa na vijiji hukutana na polisi, zahanati na shule. Mjumbe wa kijiji anajua kaya. Afisa wa kata anajua njia ya kwenda halmashauri. Bila huyu, taarifa ya yule inaishia kwenye mazungumzo ya kisimani.

Jedwali la 1: Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1873 | Soko la utumwa la Unguja lafungwa |
| 1878 | Mapadre Weupe wafika Tabora. Baadaye wafungua kituo cha watoto Kipalapala |
| 1889 | Kituo cha Kipalapala chafungwa |
| 1922 | Utumwa waondolewa rasmi kisheria Tanganyika |
| 1937 | Sheria ya Watoto na Vijana |
| 1963 | Shule ya watoto viziwi yafunguliwa Tabora |
| 1975 | Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vyaanza |
| 1983 | Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi watambuliwa Kagera |
| 1991 | Tanzania yaridhia Mkataba wa Haki za Mtoto |
| 1996 | Sera ya kwanza ya Maendeleo ya Mtoto |
| 2009 | Sheria ya Mtoto yapitishwa |
| 2011–2015 | Mradi wa PROSPER, Urambo na Sikonge |
| 2012 | Awamu ya tatu ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Mpango wa kunusuru kaya maskini |
| 2016 | Elimu bila ada hadi kidato cha nne. MTAKUWWA wazinduliwa |
| 2021 | Wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito waruhusiwa kurudi shule |
| 2022 | Wizara inayoshughulikia jinsia, wanawake na makundi maalumu yatenganishwa na ya afya |

7. Awamu za uongozi

Historia hii haina mkurugenzi mmoja. Ina zamu za watu wa nafasi mbalimbali, na kila zamu iliacha jambo lililoendelezwa na iliyofuata.

Jedwali la 2: Nani aliongoza, aliacha nini

| Kipindi | Walioongoza | Walichoacha |
|---|---|---|
| Hadi miaka ya 1880 | Ukoo, wazee wa kaya, watemi | Ulezi wa pamoja |
| Miaka ya 1880 na baadaye | Mapadre, masista, makatekista | Mafunzo ya kazi na shule maalumu |
| 1922–1961 | Maofisa wa utawala na mahakama | Sheria za mwanzo |
| 1961–1990 | Maofisa ustawi na maendeleo ya jamii | Utaalamu na vyuo |
| 1990–2009 | Mashirika, wahudumu wa jamii wa kujitolea | Utambuzi na daftari |
| 2009 hadi sasa | Watendaji wa kata na vijiji, kamati | Mamlaka ya kisheria |

Katika zamu ya sasa, mtendaji wa kata huitisha kikao, na afisa ustawi au maendeleo ya jamii hushika kumbukumbu na kufuatilia mashauri. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea yale yenye jinai. Mwalimu hutoa taarifa ya watoro. Mhudumu wa afya hutoa taarifa ya majeraha na mimba. Viongozi wa dini na wazee huzungumza na familia zinazosuasua. Wawakilishi wa watoto husema yale ambayo watu wazima hawayaoni. Wengi wa watu hawa hawalipwi kwa kazi hii. Taifa lina deni kwao, na kumbukumbu hii ni sehemu ndogo ya kulilipa.

8. Huduma zinazotolewa

*Kwa mtoto.* Kamati hutambua, hutembelea na kutoa rufaa. Mtoto mwenye ugonjwa anapelekwa zahanati. Aliyefanyiwa ukatili anapelekwa hospitali na polisi kwa wakati, kabla ushahidi haujapotea na kabla familia hazijaanza kumalizana kwa mbuzi na pesa. Anayekosa mlezi anatafutiwa ndugu kwanza, kisha familia ya kuaminika, na makao ya watoto huwa hatua ya mwisho. Tangu mwaka 2013 mtoto au mtu yeyote anaweza kupiga bure simu namba 116, na taarifa hiyo inarudi kwa afisa ustawi wa eneo husika.

*Kwa kaya.* Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF hutoa ruzuku inayoambatana na masharti ya mahudhurio ya shule na kliniki. Kamati inayojua kaya zake husaidia zile zilizostahili zisisahaulike. Vikundi vya kuweka na kukopa vimewapa akina mama uwezo wa kununua sare bila kumtuma mtoto kibarua.

*Kwa kijana.* Hapa pana hatua iliyochelewa kuja. Kwa muda mrefu daftari lilimsahau mtoto siku alipotimiza miaka 18, kana kwamba umaskini nao ulikuwa umemaliza zamu yake. Leo zipo njia tatu za wazi. Ya kwanza ni ufundi, kupitia vyuo vya ufundi stadi vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vimewapokea pia akina mama wadogo pamoja na watoto wao. Ya pili ni kurudi darasani, njia iliyofunguliwa na uamuzi wa mwaka 2021. Ya tatu ni mtaji: tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, kisha ukarejeshwa. Vijana wa kata za wafugaji wa nyuki, wakulima wa alizeti na mafundi wa mbao wana kila sababu ya kujipanga katika vikundi na kuidai haki hiyo.

9. Misukosuko na yaliyojifunzwa

Mwendo haukuwa mwepesi. Miradi ya wafadhili ilikuja kwa miaka mitano mitano, ikaleta baiskeli, posho na fomu zenye nembo. Ilipoondoka, kamati nyingi zilizotegemea posho zilikaa kimya. Zilizosalimika ni zile zilizokuwa na mambo matatu: daftari linalohuishwa na wajumbe wenyewe, siku ya kikao inayojulikana, na mtendaji anayeichukulia kazi hii kuwa yake.

Ugumu wa pili ni wa kimila na kisheria pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilikubaliana na hoja ya mwanaharakati Rebeca Gyumi kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na kutaka virekebishwe. Mjumbe wa kamati anayeketi na baba aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari anahitaji sheria isiyo na mwanya nyuma yake.

Ugumu wa tatu ni umbali. Katika mkoa uliokuwa na watu 3,391,679 kwa sensa ya mwaka 2022, wengi wao wakiwa vijijini na wengine ndani kabisa ya misitu ya miombo, maofisa ustawi hawatoshi. Nguvu ya zamani ya eneo hili, ya kupiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, na majirani wakatoka, bado ipo. Kamati ndiyo inayoigeuza kuwa utaratibu: badala ya umati wenye hasira, kuna taarifa iliyoandikwa, shahidi na rufaa.

10. Miaka ijayo

Kipalapala ilimlinda mtoto kwa kumtoa katika jamii. Ofisi ya ukoloni ilimngoja mahakamani. Serikali huru ilimjengea shule na vyuo, na Ukimwi ukatulazimisha kumtafuta nyumba kwa nyumba. Kamati ya leo inachukua kilicho bora katika kila hatua na kukiweka karibu na mlango wa mtoto. Tunajivunia urithi huo, na tunautaja wazi kwa sababu ulijengwa na watu ambao majina yao hayako kwenye mawe ya msingi.

Kwa miaka 15 ijayo, madai yetu kwa kila halmashauri ni machache na yanawezekana. Kamati ya kila kata iwe na fungu lake katika bajeti, hata likiwa dogo, ili nauli ya kumpeleka mtoto hospitali isitoke mfukoni mwa mjumbe. Daftari lihuishwe kila mwaka katika mkutano wa hadhara, pamoja na kaya za msimu zinazofika kwa ajili ya tumbaku. Mtoto asifutwe daftarini anapotimiza miaka 18 kabla ya kuandikwa amekwenda wapi: chuoni, kidato cha tano, kikundi cha mkopo au kazini. Na wajumbe wanapomaliza muda wao, wakabidhi daftari mbele ya wananchi, ili wanaoingia waanze na majina ya watoto wanaowasubiri.

Hayo yakifanyika Ntalikwa, yanaweza kufanyika kata yoyote ya Tanzania.